Kutoka Tukuyu hadi Tunduma: Mwenye Timu ni Nani?

Siku Simba na Yanga zinapokutana Dar es Salaam, mji wa Tunduma, ulio mbali na mitaa ya Msimbazi na Jangwani kwa kilomita 900 na ushei, hugawanyika pande mbili tangu alfajiri. Mbadilisha fedha anayehesabu kwacha na shilingi karibu na geti la mpakani huvaa jezi nyekundu juu ya sweta lake. Kijana wa bodaboda anayewabeba abiria wa Nakonde hufunga kitambaa cha njano na kijani kwenye usukani. Na mwenye kibanda umiza huandika ubaoni kwa chaki, kwa herufi zilizopinda, saa ya mchezo na kiingilio cha shilingi 1,000 badala ya 500 za siku nyingine, kisha huongeza mabenchi mpaka la mwisho likaribiane na jenereta. Jioni upande mmoja hucheka na wa pili hununa, na kukicha hakuna hata senti ya shamrashamra ile iliyobaki Tunduma, isipokuwa ya mafuta ya jenereta.

Sisemi haya kwa dharau. Mapenzi ya mtu hayana mahakama, na mimi mwenyewe nina upande wangu, ambao sitautaja leo ili makala haya yasije yakageuka ugomvi wa kijiweni. Lakini kila nikiutazama msongamano ule hujiuliza: mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya mwaka 2022, wenye kahawa ya Mbozi, mpunga wa bonde la Momba, dhahabu ya wilaya ya Songwe, na mpaka ambao misururu ya malori haikatiki usiku wala mchana, umekosaje kuipeleka hata klabu moja katika Ligi Kuu tangu mkoa wenyewe ulipoundwa mwaka 2016?

Jibu linalopendwa ni kwamba hatuna fedha, na la pili kwamba hatuna vipaji. Yote mawili nayakataa. Nyanda za Juu Kusini-Magharibi zimekwisha kutoa timu zilizoitikisa nchi nzima, na watu wake wamekwisha kuzifuata timu hizo kwa mabasi, kwa malori na kwa miguu. Kilichopungua ni milki. Klabu zilizoinuka huku zilikuwa za shirika, za idara ya serikali, za halmashauri au za tajiri mmoja. Na mwenye mali alipochoka, alipohama au alipofilisika, alikwenda na timu yake, nasi tukabaki na hadithi. Maadamu mwananchi wa kawaida hana jina lake katika daftari la klabu, mkoa utaendelea kushangilia vya wenzake, na hata siku ukipata chake, utakuwa umekipanga tu.

Ubingwa wa Banyambala

Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hukutazama kwa shaka ukimwambia kwamba bingwa wa soka wa Tanzania Bara alipata kutoka Tukuyu, mji mdogo wa wilaya ya Rungwe wenye mvua, ukungu, migomba na mashamba ya chai, ambao hata leo msafiri wa Kyela huupita huku akisinzia garini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, ambayo wapenzi wake waliiita Banyambala, ilitwaa ubingwa wa Bara ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Haikungoja kuzoea. Iliingia katika nyumba ya wakubwa, ikaketi kwenye kiti cha mbele.

Ili tuipime hadhi ya jambo lile, tuangalie hesabu. Tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba, ikiwa bingwa wa kwanza, ubingwa wa Bara umetoka nje ya Dar es Salaam mara ambazo vidole vya mkono mmoja vyatosha kuzihesabu: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Wako waliong'ara katika Ligi ya Muungano, kama Majimaji ya Songea mwaka 1998 na Prisons ya Mbeya mwaka uliofuata. Tokea hapo taji halijatoka tena katika mji wa bandari.

Fahari ya Tukuyu haikudumu. Wachezaji walitawanyika, kama ilivyo ada ya timu ndogo ikishinda jambo kubwa, timu ikashuka, na leo jina lake lasikika zaidi katika mazungumzo ya wazee kuliko viwanjani. Mtu akiuliza taksiri ilikuwa ya nani, wengi watawataja viongozi, wengine watawataja wakubwa wa Dar es Salaam waliowarubuni vijana, na wengine, kama desturi, watataja uchawi. Mimi nasema kwamba Tukuyu Stars ilipendwa na Rungwe nzima, walakini mapenzi yale hayakupata chombo cha kuyahifadhi. Furaha ya umma, isipogeuzwa kuwa ada ya mwanachama, kiwanja chenye hati na mkutano wenye kumbukumbu, hupanda na kushuka pamoja na matokeo ya Jumamosi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ubingwa nao ni mali.

Mji wa kiasi cha Tunduma

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya Tukuyu, jambo la namna hiyohiyo lilitokea Italia. Verona ni mji ambao wasomaji wetu huujua kwa kisa cha Romeo na Julieti cha Shakespeare kuliko kwa kandanda, nao ni jirani wa Venisi, ile ambayo mabepari wake Mwalimu Nyerere alitutafsiria mwaka 1969. Wakazi wake ni robo milioni hivi. Tunduma, kwa sensa ya 2022, imekwisha kupita laki mbili. Kwa ukubwa, basi, miji hii miwili yaweza kusalimiana bila mmoja kuinama.

Klabu ya mji huo, Hellas Verona, iliasisiwa mwaka 1903 na wanafunzi wa sekondari, na jina la Hellas walilipata kutokana na masomo ya Kiyunani waliyofundishwa na mwalimu wao. Haikuwa klabu ya kuogopwa. Lakini msimu wa 1984/85, chini ya kocha Osvaldo Bagnoli, mtu mkimya asiyependa makuu, ilitwaa ubingwa wa Italia mbele ya Juventus yenye Michel Platini na Napoli iliyokuwa imemsajili Diego Maradona msimu uleule. Katika mchezo mmoja dhidi ya Juventus, mshambuliaji wao kutoka Denmark, Preben Elkjær, alivuliwa kiatu na beki, akaendelea kukimbia na kiatu kimoja mpaka akafunga. Msimu huo, kwa mara moja, waamuzi wa Serie A walipangwa kwa kura badala ya kuteuliwa na wakubwa. Wasomaji wangu wa mikoani watajua kwa nini nimelitaja jambo hili, nami siongezi neno.

Baada ya hapo Verona ilipatwa na masaibu ambayo Tukuyu ingeyatambua. Haikutwaa tena ubingwa. Mwaka 1991 ilifilisika, ikaundwa upya. Mwaka 2007 ilianguka hadi daraja la tatu, ikakaa huko misimu minne, na mashabiki wakaendelea kujaa uwanjani, mpaka mwaka 2013 timu iliporejea Serie A. Hellas haikuwa klabu ya wanachama. Ilikuwa na matajiri wake, na baadhi yao ndio walioifikisha pabaya. Lakini kila ilipoanguka iliangukia Verona. Uwanja wa Bentegodi ni mali ya mji, jezi za bluu na njano ni za mji, na hakuna tajiri aliyethubutu kuichukua Hellas akaipeleka Milan kwa kuwa huko kuna fedha zaidi. Tukuyu ilipoanguka, iliangukia wapi?

Zilizokufa pamoja na mashirika

Wasomaji wa umri wangu wanayakumbuka majina yaliyokuwa yakitangazwa redioni kila mwisho wa juma: MECCO ya Mbeya, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Pamba ya Mwanza, RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Bandari ya Mtwara. Yatazame majina hayo vizuri. Ni ramani ya uchumi wa Azimio la Arusha: kampuni ya ujenzi, reli, ushirika, zao la biashara, shirika la biashara la mkoa. Kijana mwenye mguu mzuri alipewa ajira ya karani au fundi, asubuhi akaingia kazini, alasiri akaingia mazoezini, na mwisho wa mwezi mshahara wake ulitoka katika orodha ileile ya wafanyakazi. Ulikuwa mpango wenye heri nyingi, kwa sababu mchezaji aliyeumia goti hakurudi kijijini mikono mitupu, bali alirudi mezani kwake ofisini.

Ila ulikuwa na kasoro moja iliyozishinda heri zote. Timu ilikuwa tawi la shirika, na mti ulipokatwa miaka ya 1990, mashirika yalipobinafsishwa, kuunganishwa au kufungwa, tawi lilikauka. Hakuna mnunuzi wa kiwanda aliyeuliza ada ya ligi italipwa na nani. Na wananchi wa Mbeya au Mwanza wasingeweza kuuliza pia, kwa kuwa kisheria hawakuwa na kitu pale zaidi ya tiketi waliyokwisha kuichana. Mtibwa imeendelea kuwapo, ikashuka na kupanda tena, kwa sababu kiwanda cha sukari chenyewe kingali kinasaga miwa. Siku kikisimama, tutaona.

Linganisha na klabu mbili zinazoigawa Tunduma kila msimu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na zote mbili zilianza kama vyama vya watu wa mjini, wapagazi, makarani, wachuuzi, mabaharia, watu waliochanga kidogokidogo. Zimepitia migogoro ambayo ingeliua shirika lolote: mapinduzi ya uongozi, kesi mahakamani, madeni ya makocha, na hata mfarakano wa Yanga wa miaka ya 1970 uliozaa Pan African, ambayo nayo ilitwaa ubingwa mwaka 1982. Hazikufa. Mwanachama habinafsishwi. Hata Simba ilipoingia katika mfumo wa hisa mwaka 2017, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya asilimia ngapi zibaki kwa wanachama, na jibu lilikuwa 51. Coastal Union ya Tanga, iliyoasisiwa mwaka 1948 na watu wa mji wao wenyewe, imeshuka daraja na kurudi zaidi ya mara moja, na kila inaporudi huwa inarudi Tanga.

Basi hapa pana kinaya kichungu. Mkulima wa kahawa wa Mbozi huishabikia klabu ya wanachama wa Dar es Salaam, ilhali mkoani kwake hajapata hata siku moja kuombwa awe mwanachama wa klabu yoyote.

Zambarau ya Mbeya na mpunga wa Ubaruku

Yuko atakayesema kwamba mambo ya zamani yamepita, na kwamba siku hizi halmashauri na wawekezaji wamekwisha kuliziba pengo. Na tutazame.

Mwaka 2013 Mbeya City, klabu ya Halmashauri ya Jiji iliyoundwa mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu, na katika msimu wake wa kwanza, ikifundishwa na Juma Mwambusi, ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Walioushuhudia Uwanja wa Sokoine msimu ule hawatasahau. Jiji zima lilivaa zambarau. Watu walitoka Vwawa, Mlowo na Tunduma kwa Coaster na Noah, wakiimba koma kumwanya tangu Mbalizi. Na mama lishe wa maeneo ya jirani na uwanja walimaliza sufuria za wali kabla ya mapumziko. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu wa Mbeya akiishangilia timu dhidi ya Yanga bila kwanza kuangalia nani ameketi pembeni yake. Kisha wachezaji wakaondoka mmoja mmoja, Deus Kaseke akaenda Yanga mwaka 2015, Mwambusi naye akafuata njia hiyohiyo, na timu ikawa inahesabu pointi za kujinusuru, hadi mwaka 2023 ilipofungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo na kushuka. Imerudi mwaka 2025, nami nafurahi. Lakini klabu ya halmashauri huishi kwa bajeti ya halmashauri, na bajeti ya halmashauri lazima kwanza izungumze na zahanati, madawati na barabara za mitaa. Je, ni haki kumlaumu diwani anayechagua dawa badala ya mshambuliaji? Mimi siwezi.

Kisa cha Ihefu ndicho kinachouma zaidi. Tarehe 29 Novemba 2022, huko Ubaruku wilayani Mbarali, katika uwanja wa Highland Estates ulio katikati ya nchi ya mpunga, timu hiyo iliifunga Yanga 2-1 na kuukata mwendo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Mji mdogo ambao wengi hawakujua uko wapi ulitajwa usiku ule na kila redio nchini. Haikupita misimu miwili, timu ikahamishiwa Singida, na kabla ya msimu wa 2024/25 ikapewa jina jipya la Singida Black Stars. Sheria haikuvunjwa. Mwenye mali alifanya alichotaka na mali yake. Ila mwuza chapati wa Ubaruku, mwenye nyumba ya wageni aliyeongeza vyumba, kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba akitegemea siku za mechi, hao hawakuulizwa, kwa kuwa hapakuwa na kikao ambacho wao walikuwa wajumbe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na timu ya mtu mwingine hailindi riziki yako.

Mbeya Kwanza ilipanda mwaka 2021 na kushuka msimu uleule. KenGold ya Chunya, iliyotoka katika nchi ya dhahabu, ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2024/25 na kushuka ikiwa ya mwisho. Jirani zetu wa Njombe walikwisha kuonja msimu wao mmoja, wa 2017/18, wakarudi walikotoka.

Ng'ambo ya geti

Mkazi wa Tunduma ana bahati ambayo mtu wa Dodoma hana: akitaka kuona mfano mwingine, huvuka barabara. Zambia, nchi ambayo mji mkuu wake ni Lusaka, haikuuachia mji mkuu soka yake. Klabu yenye mataji mengi kuliko zote nchini humo ni Nkana ya Kitwe, katika ukanda wa shaba, na jirani yake wa mji uleule, Power Dynamos, mwaka 1991 alitwaa Kombe la Washindi la Afrika. Nkana yenyewe ilicheza fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1990, ikapoteza kwa penalti mbele ya JS Kabylie ya Algeria. ZESCO United ya Ndola ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2016. Simba waliokwenda Kitwe mwezi Desemba 2018 walifungwa 2-1, na walihitaji ushindi wa 3-1 Dar es Salaam ili wapite.

Hizi nazo zilikuwa timu za migodi, na migodi ilipouzwa zilitikisika. Mufulira Wanderers, iliyokuwa mfalme, ilianguka vibaya. Sisemi, basi, kwamba ng'ambo ni peponi. Nasema kwamba kule mtu wa Kitwe huzaliwa katika mtaa wenye timu yake, kiwanja kiko mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwao, na akimwona kijana wa Nkana barabarani anamfahamu mama yake. Huku kwetu redio ilitangulia kiwanja. Sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo zilitufikishia Simba na Yanga jikoni miaka mingi kabla hatujawa na uwanja wenye nyasi, na mapenzi yaliyoingia kwa sikio tangu utotoni si rahisi kuyatoa. Siombi yatoke. Naomba yapate mwenzi.

Gharama inayolipwa nyumbani

Wengine huona mjadala wa mpira kuwa mjadala wa anasa. Nawasihi waingie katika nyumba ya mzazi wa Mlowo au Chapwa mwenye mtoto wa miaka 17 anayesifiwa na mtaa mzima. Mkoani hakuna klabu ya kumchukua, kwa hiyo siku inafika mzazi huyo anauza magunia mawili ya mahindi, kabla bei haijapanda, apate nauli ya kwenda Dar es Salaam kwenye majaribio. Kijana hufikia kwa mjomba Mbagala au Gongo la Mboto, hulala sebuleni, na hungoja. Pengine hukutana na mtu anayejiita wakala, ambaye humtaka fedha ya usajili, ya vipimo na ya picha. Na baba, huku nyumbani, huuza gunia la tatu. Wachache hupata. Wengi hurudi baada ya mwaka wakiwa wameacha shule na wameikosa timu, na hawana neno la kuwaambia wenzao isipokuwa kwamba waliwahi kumwona fulani kwa macho. Mkoa wenye klabu yake ungempima kijana huyu kwa nauli ya bajaji, na kama hakufaa, angelala nyumbani kwao usiku uleule na kesho angekwenda darasani.

Kisha kuna fedha za mikeka. Sitaki kuwahubiria wakubwa wenzangu, lakini asiyeona kwamba sehemu kubwa ya mapenzi ya mpira ya vijana wetu imehamia katika kubashiri matokeo ya timu za Ulaya ambazo hata majina ya miji yake hawawezi kuyatamka, huyo hapiti barabarani. Mtu asiye na timu ya kuijenga hubaki na timu za kuzichezea kamari.

Songwe ianze wapi

Najua lipo shauri linalonong'onwa kila msimu ukikaribia mwisho: atafutwe mwekezaji, inunuliwe nafasi ya timu iliyokwisha kupanda, ihamishiwe huku na kubandikwa jina la mkoa, nasi tuamke tukiwa Ligi Kuu. Shauri hilo lina ladha ya asali na nalipinga kwa nguvu zangu zote. Kilicholetwa kwa lori huondoka kwa lori. Watu wa Ubaruku wameliona, nasi tulilitazama kwenye televisheni. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Njia ninayoipendekeza ni ndefu na haina mbwembwe. Iundwe klabu ya wanachama, ianzie ligi ya wilaya, ipande hadi ligi ya mabingwa wa mikoa, na isione haya kukaa huko misimu kadhaa. Ada iwe shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani bei ya mechi moja kubwa katika kibanda umiza. Wakipatikana watu 5,000 katika mkoa mzima, na Tunduma peke yake yaweza kuwatoa hao bila jasho, hizo ni shilingi milioni 5 kwa mwezi, milioni 60 kwa mwaka. Haitoshi kumsajili nyota, lakini yatosha mipira, kocha mwenye cheti, nauli za ugenini, na chakula cha vijana 25. Wafanyabiashara wa mpakani, mawakala wa forodha, vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, wenye malori, wote wakaribishwe kama wadhamini. Mdhamini huandikwa kwenye jezi. Hati ya klabu haimhusu. Mwanachama mmoja awe na kura moja, hata kama ameleta milioni mia.

Nasikia tayari sauti ya kutoka nyuma ya ukumbi: fedha zitaliwa. Ni hofu ya haki, na sijibu kwa kuwasifu viongozi ambao bado hawajachaguliwa. Ushirika wa kahawa umetufundisha kwa machungu kwamba mwanachama asiyesomewa hesabu huwa ameibiwa hata kabla mwizi hajafika. Kwa hiyo hesabu zibandikwe baada ya kila mchezo wa nyumbani, mlangoni pa uwanja na mlangoni pa soko: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Zisomwe na yeyote, hata shabiki wa Yanga. Na mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti.

Kuhusu kiwanja, tusisubiri cha nyasi bandia. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani, ukiwamo Sokoine wa Mbeya, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, na klabu hukodi kama mpangaji mwingine yeyote. Songwe ni mkoa mchanga wenye ardhi ambayo bado haijapandwa nyumba. Halmashauri, badala ya kuombwa mishahara ya wachezaji kila mwezi, iombwe jambo moja tu: eneo lililopimwa, lenye hati kwa jina la klabu, mahali ambapo mtoto wa Mpemba na wa Vwawa wanaweza kufika bila kulala njiani. Hilo diwani anaweza kulitoa bila kuinyang'anya zahanati.

Na katika katiba ya klabu, kabla ya vifungu vya rangi ya jezi na posho za wajumbe, ambavyo najua ndivyo vitakavyojadiliwa kwa saa nyingi, kiandikwe kifungu kwamba klabu haiuzwi, haibadilishwi jina, wala haihamishwi nje ya mkoa wa Songwe pasipo theluthi mbili ya wanachama wote kupiga kura ya siri, na kwamba mkutano wa kura hiyo ufanyike ndani ya mkoa, siku ya Jumapili, alasiri, ili mwenye duka awe amefunga na mkulima awe amerudi kutoka shambani.